Kuruka na paraglaida kutoka Iten: ruhusa naomba wapi?

MgeniWaMawingu: Wadau, Januari napanda Iten, Kenya, pale juu ya Bonde la Kerio, na bawa langu la paraglaida (lile la kitambaa, kama mwavuli). Naweza kuruka popote pale ukingoni? Rafiki ana hanglaida pia, ile yenye bawa la fremu ngumu.

BabaKip: Karibu. Ukingo una wenyewe: kuna mahoteli na kuna mashamba ya watu. Uliza mapokezi kabla hujatandaza kitambaa. Mimi mwaka wa kwanza nilitandaza tu, mama mmoja akanifukuza na fimbo. Kumbe nimetandaza juu ya maharagwe yake! Rafiki yako ajue hanglaida inataka nafasi ya kukimbia, na kutua kwake kunahitaji uwanja mrefu. Saa sita mchana hewa ya bonde huchemka, inapanda kwa nguvu na kurusharusha bawa. Kama bado unajifunza, ruka asubuhi. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mbio za kuondoka ni ndefu kuliko ulivyozoea.

Chebet_K: Na usitue Rimoi. Ni hifadhi, ina ndovu.

MgeniWaMawingu: Nikitua shambani kwa mtu?

BabaKip: Salimia kwanza, kunja bawa pembeni, mbuzi wasitawanyike. Na migunga ya kule chini ina miiba, bawa langu lina viraka vinne.

MgeniWaMawingu: Asante mzee. Maharagwe nitayaruka.