Tupeane uzoefu: taka za Dar zinavyotoka mlangoni hadi Pugu, na chupa zinavyofika kwenye mizani

Mwanamtaa
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoijua kazi yenyewe: madereva, wabebaji, wanunuzi wa skrepa, viongozi wa mitaa. Tuelezane taka zinavyotoka, nani analipwa na nini kinakwamisha.

Naanza na utaratibu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, taka ni jukumu la serikali za mitaa. Kwa kawaida halmashauri huipa kazi hiyo kampuni au kikundi cha wakazi kwa mkataba. Ada imo kwenye sheria ndogo: nyumba ina kiwango chake, duka chake, baa na hoteli chake. Mkusanyaji akibisha hodi, aonyeshe kitambulisho na atoe risiti. Hana? Usilipe, nenda kwa mtendaji wa mtaa, maana yeye ndiye anayejua nani ana mkataba na siku zipi anapaswa kupita.

Kirikuu
Niongezee upande wa gari. Tandale na Manzese kuna vichochoro ambavyo tipa haliingii kabisa. Huko taka zinatolewa kwa guta au mkokoteni hadi barabara kubwa, ndipo zinapakiwa upya. Kila upakiaji ni gharama, na ada ya nyumba ndiyo inayolipa mafuta, vibarua na matairi. Nusu ya mtaa isipolipa, safari zinapunguzwa. Zikipunguzwa, hata waliokuwa wanalipa wanagoma. Mikataba mingi inafia hapo.

Halafu kuna umbali. Dampo ni Pugu Kinyamwezi. Gari la Tegeta linakwenda zaidi ya kilomita 30, na kurudi vilevile. Mvua ikinyesha, njia za ndani ya dampo zinakuwa tope, magari yanapanga foleni, na safari mbili za siku zinakuwa moja. Ndiyo maana masika taka zinalala mtaani.

Mnachoweza kutusaidia ni maji. Maganda, machicha ya nazi na mabaki ya wali yamejaa maji, na gari linabeba uzito huo hadi Pugu. Chuja kwanza. Kiroba cha mchele cha kilo 50 ukijaza taka mbichi hadi juu, mtu mmoja hakiinui, na kikipasuka kinamwagika mlangoni kwako. Jaza nusu, funga. Kitoe asubuhi ya siku ya gari, si usiku. Mbwa wakikichana, mvua inamalizia kwa kupeleka kila kitu mtaroni.

Na tafadhali sana: vioo vilivyovunjika, nyembe na sindano viwekwe kwenye dumu gumu lenye kifuniko. Wabebaji wengi hawana glavu.

Mizani
Mimi nazungumzia chupa. Ya maji ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Fungua kifuniko, mwaga maji yote, kanyaga ilale. Kiroba kitabeba nyingi zaidi. Zisizo na rangi zitenge na za kijani na kahawia, maana zikichanganywa mnunuzi anapima zote kwa bei ya chini. Chupa za mafuta ya kula zikae peke yake.

Huna uhakika ni plastiki gani? Tazama namba ndani ya pembetatu kitakoni. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu, na 5 ni ndoo nyingi na vifuniko. Kata kipande ukitumbukize majini: 1 huzama, 2 na 5 huelea. Ila namba 3, kama ya mabomba, nayo huzama, na hiyo ndiyo hatari. Joto la kuyeyushia chupa huiunguza, na vipande vichache tu vinaharibu mzigo mzima.

Makopo tumia sumaku. Kopo lisilonata ni aluminiamu, lina bei nzuri kuliko bati. Nyaya msichome: moshi wake ni sumu, na shaba iliyoungua inashuka bei. Chuna ganda kwa kisu. Maboksi yalazwe, yafungwe kamba, yakae pakavu.

Bustani
Taka mbichi ni zaidi ya nusu ya ndoo ya nyumbani, nazo hazihitaji gari. Lundo la mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, la mita moja kila upande linatosha kupata joto. Sehemu moja ya maganda, mbili hadi tatu za majani makavu au vumbi la mbao. Kamata konzi ukamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu umekaa sawa. Linanuka? Maji yamezidi au hewa haiingii, ongeza makavu ugeuze. Halipati joto? Ni kavu mno au ni dogo. Geuza kila wiki, na nyama isiingie, huita panya.

Mwanamtaa
Vipi kontena la mtaa likijaa?

Kirikuu
Msimwage chini pembeni, mkuu. Gari linalinyanyua kwa minyororo inayoshikizwa ubavuni. Ubavu ukifukiwa, vibarua lazima wachimbue kwa koleo kwanza, na wasipokuwepo dereva anaondoka bila kulichukua. Mpigieni mtendaji likiwa limefika robo tatu.