Kabichi zinapasuka kabla hatujazimaliza, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Lushoto, nina kabustani nyuma ya nyumba, miche kama 40 ya kabichi aina ya Gloria. Niliihamisha kutoka kitaluni miezi mitatu iliyopita, nafasi sentimita 60 kwa 60, samadi ya mbuzi tu. Viwavi walinisumbua mwanzoni, nikawa nawaokota kwa mkono kila asubuhi na kunyunyizia majivu, wakapungua.

Shida ni kwamba zote zimefunga kwa mpigo. Ukibonyeza kichwa, kigumu kama jiwe. Kulikuwa na jua kali, na mimi umwagiliaji wangu ni wa kukumbuka, halafu wiki iliyopita mvua ikashuka siku tatu mfululizo. Vichwa saba vimepasuka! Nyumbani tupo wanne, majirani nimewagawia mpaka wananikwepa, na sokoni bei ya sasa hairudishi hata nauli ya bodaboda.

Mama mkwe anasema nishike kichwa nikizungushe mpaka mizizi mingine ikatike, eti kitapunguza kunywa maji na hakitapasuka. Kuna aliyejaribu? Nizungushe kiasi gani bila kuua mmea?

Na kuhifadhi je? Friji sina. Ning'oe na mizizi yake nitundike kichwa chini stoo, au nikate na kubakiza majani ya nje? Stoo ina baridi ya kutosha, ila panya nao wapo. Halafu nikiacha shina bustanini, vile vichwa vidogo vinavyochipua baadaye vinalika?