Naombeni ushauri: zege la C25 limetoa 21, nisaini au nisisaini?

Nondo_Kumi: Wakuu habari za jioni. Nipo saiti ya ghorofa hapa Dar, upande wa mshauri. Majibu ya kyubu (vipande vya mchemraba vya zege vya kupimia nguvu) za siku 28 yametoka, daraja ni C25, yaani zifike nyutoni 25 kwa milimita ya mraba, zimesoma 21. Bosi anasema hiyo tofauti ni ndogo, nisaini pale kwenye "imeshuhudiwa na" kazi iendelee. Kwa uzoefu wenu 21 si inavumilika? Jumatatu wanamwaga tena.

Mzee wa Kokoto: Tatizo lenu vijana ni maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 unataka lita 25, na humo utoe maji yaliyomo kwenye mchanga. Mvua inanyesha usiku, mchanga umelowa, asubuhi fundi anapima ndoo zilezile, halafu anaongeza moja "liteleze". Hiyo 25 mtaipatia wapi?

Binti Karai: Mzee, hajauliza maji. Mtoa mada, hilo zege ni la wapi? Slabu, bimu, ngazi?

Nondo_Kumi: La nguzo.

Binti Karai: Za ghorofa ya ngapi?

Nondo_Kumi: Za chini. Ila slabu ya juu yake ilishamwagwa kabla majibu hayajatoka, hilo sikuamua mimi. Na usanifu huwa una akiba ndani yake, wote tumesoma hivyo.

Kamba Nne: Akiba iliwekwa kwa makosa ambayo hamkuyaona. Hili mmeliona kwenye mashine. Kwani umeahidiwa ngapi? 😂

Nondo_Kumi: Hakuna hela. Bosi ndiye msimamizi wangu wa SEAP (mafunzo ya vitendo ya wahandisi wahitimu), zimebaki ripoti mbili asaini ndipo niombe usajili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ni rahisi kusema ukiwa nje.

Mzee wa Kokoto: Mtaa wa Indira Gandhi 2013 jengo lilishuka likaua watu 36. Mnasahau haraka sana nyie.

Injinia Mkavu: Leta usomaji wa mashine na uzito wa kila kyubu.

Nondo_Kumi: 405, 410, 398 kN (kilonyutoni). Kilo 8.0, 8.1, 8.0. Kyubu za milimita 150.

Injinia Mkavu: Chai hii. Uso wa kyubu ya 150 ni milimita za mraba 22,500. 410 kN inakupa 18.2, na wastani wako wote ni 18. Hiyo 21 umeitoa wapi? Ukitunga, weka kikokotoo pembeni.

Kamba Nne: Moderator, hamishia jukwaa la hadithi.

Nondo_Kumi: Si chai jamani. 21 ndiyo iliyochapwa kwenye ripoti ninayotakiwa kusaini. Cheti cha maabara kinasema 18.

Binti Karai: Na ulipofungua uzi ukaandika 21.

Injinia Mkavu: Basi unaulizia kughushi. Tuendelee. Kyubu ya 150 iliyoshindiliwa sawasawa ina kama kilo 8.1, kwa hiyo usimsingizie aliyezitengeneza. Zingekuwa na matundu, uzito ungeshuka. Kasoro inaelekea ipo kwenye mchanganyiko: maji mengi, saruji pungufu, au mchanga wenye udongo. Jumatatu msimwage, na mirunda iliyobeba slabu isiguswe. Nguzo zitobolewe kora (vipande vya mcheduara vya zege) tatu au zaidi za milimita 100, nondo zikishatafutwa kwa kifaa zisikatwe. Jibu la kora usililinganishe na 25 moja kwa moja: kora yenye urefu mara mbili ya kipenyo husomwa kama silinda, na C25 ya kyubu ni kama 20 kwa silinda. Mhandisi wa miundo arudie hesabu kwa nguvu halisi. Zikishindwa, nguzo zinavishwa koti la zege na nondo mpya zilizotiwa mizizi kwenye msingi. Ni gharama ya mkandarasi hiyo.

Nondo_Kumi: Na ripoti zangu za SEAP?

Injinia Mkavu: Waandikie ERB, omba msimamizi mwingine.

Kamba Nne: Bado nasema chai, ila nimejifunza kupima uzito wa kyubu.

Nondo_Kumi: Barua ya zege nimwandikie nani?

Binti Karai: Mhandisi wa miundo, nakala kwa bosi, cheti cha maabara kiambatanishwe. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na ile ripoti ya 21 usiichane.