Naomba ushauri: nimezoea ziwa, sasa nataka kuvua baharini

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, navua kwa fimbo kujifurahisha tu, Jumapili kwenye mawe ya Igombe. Sangara namjua: furu (kisamaki kidogo cha ziwani) mzima kwenye ndoano, kisha subira. Mwezi ujao naenda Tanga kwa shemeji, na hamu yangu yote ni kumvua kolekole, yule samaki wa baharini.

Mwaka jana nilijaribu, nikaaibika. Tulitoka na ngalawa, kitu kikavuta mshipi mara moja, halafu kimya. Kuurudisha, ncha imekatika kama kwa wembe. Shemeji akacheka: huyo ni samaki nguru, kwa meno yale nailoni yako ni uzi wa kushonea. Rili nayo, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, sikuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Sasa ukiizungusha inasaga kama ina mchanga.

Naomba kujua: waya wa kufungia ndoano uwe na urefu gani ili kolekole asishtuke? Chambo kiwe ngisi au dagaa wabichi? Na haya maji kujaa na kupwa ndiyo yananichanganya kabisa, huku ziwani sisi tunaangalia upepo tu. Nikivua nimesimama ufukweni, nirushe yakijaa au yakianza kutoka? Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, je? Watu wa pwani, chekeni kidogo halafu mnielekeze.