Sanamu ya mababu ya Wapunu: kichwa kimepasuka na uso umetoka kama kinyago

mchongaji_30sm
Salaam wakuu. Kuna oda ya sanamu ya mwanamke aliyesimama, ya mtindo wa Wapunu wa kusini mwa Gabon, urefu sentimita 30. Mti ni mjakaranda, gogo bichi la kipenyo cha sentimita 18, limechongwa zima bila kupasuliwa. Siku ya kumi na mbili ufa ulifunguka kuanzia utosini hadi chini ya pua, unaingiza ukucha. Uso ulipakwa chokaa, sasa inadondoka vipandevipande. Vile vidoa tisa vya kwenye paji vimechorwa kwa ncha ya kisu lakini havionekani vizuri. Mteja ametuma picha moja tu, ya uso mweupe wenye macho ya kufumba. Sanamu ya pili ianzeje ili isiishie hapohapo?

tezo_kali
Mkuu, kosa liko kwenye gogo, mkono wako hauna lawama. Mti ukikauka husinyaa kwa kufuata pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda. Gogo zima lenye kiini ndani halina pa kusinyalia, kwa hiyo lazima lifunguke mahali, na hufunguka pale palipo laini na pembamba. Kwenye sanamu hiyo ni usoni.

Tafuta gogo la sentimita 32 hivi, ulipasue mara nne kwa kabari kupitia katikati. Kwenye kila robo ondoa sentimita 2 za upande wa kiini, utapata kipande cha mraba cha sentimita 9 kwa 9. Kata urefu wa sentimita 36, sio 30, kwa sababu sentimita 3 za kila mwisho huwa zina nyufa ndogo zisizoonekana. Paka gundi nyeupe ya mbao au nta kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo ya kupasua. Ukisubiri kesho yake umechelewa.

Chonga umbo la jumla kwa tezo mti ukiwa bado mbichi, ukiacha sentimita 1 ya ziada kila upande. Kisha funga kwa magazeti, weka kivulini pasipo upepo, upime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukikaa palepale wiki mbili mfululizo, ndipo ushike patasi za kumalizia. Usiweke juani wala karibu na jiko. Na shingo usiipunguze mapema: shingo nyembamba kwenye mti mbichi hupinda, kichwa kikatazama pembeni.

mlango_wa_niari
Naongeza la msingi zaidi. Picha uliyotumiwa ni ya kinyago cha kuvaa, sio ya sanamu ya mababu. Ni vitu viwili.

Kinyago ni cha ngoma ya mukudji. Anayekicheza ni mwanamume aliye juu ya miti mirefu ya kutembelea, ingawa sura ni ya mwanamke. Uso wake ni mweupe kwa udongo, kwa kuwa weupe ni rangi ya wafu na ulimwengu wao. Kinachongwa kwa mti mwepesi kwa sababu kinakaa kichwani. Wamakonde wanalijua hili: lipiko, kinyago chao cha kuvaa, ni la mti mwepesi, mpingo ni wa sanamu isiyovaliwa.

Sanamu ya mababu yenyewe haivaliwi. Wapunu na majirani zao Walumbu waliziweka pamoja na masalia ya wazee wa ukoo, mafuvu na mifupa yaliyotunzwa ndani ya kapu, ambayo ibada yake inaitwa malumbi. Ukoo wao ni wa upande wa mama, na sanamu nyingi ni za wanawake. Wengi wanaopaka sanamu nyeupe kichwa hadi miguu wanachanganya na kinyago. Sanamu nyingi ni za kahawia iliyoiva au nyekundunyekundu, zimeng'aa kwa kushikwa na kupakwa unga mwekundu wa mti wa jamii ya mninga uliosagwa. Weupe ukiwepo, mara nyingi ni usoni tu.

Vipimo vya sentimita 30: kitako 3, miguu 7, kiwiliwili 11, kichwa pamoja na nywele 9. Ndiyo, kichwa ni karibu theluthi nzima. Ukikifanya kidogo kama cha mtu wa kawaida, sanamu inakufa. Miguu mifupi, magoti yamekunjwa kidogo. Mikono imebana mbavu, viganja vinakaa juu ya tumbo. Nywele ni shungi kubwa lililopinda katikati kama ganda la chaza, na misuko miwili inashuka mbele ya masikio. Paji limevimba kama yai, nyusi nyembamba za upinde, kope zimevimba na mpasuko mwembamba tu wa jicho, midomo imesogea mbele kidogo, kidevu kidogo. Wachongaji hukosea zaidi kwenye jicho: wanachimba shimo. Usichimbe. Kope inatoka nje, mpasuko unafuata mkunjo wake.

mchongaji_30sm
Asanteni sana wakuu. Vile vidoa vya paji je? Vichimbwe zaidi?

mlango_wa_niari
Hapana, ndugu. Zile ni chale zilizovimba juu ya ngozi, kwa hiyo lazima zisimame. Kabla ya kulainisha paji, acha kitalu cha umbo la almasi, chenye unene wa milimita 2 juu ya uso. Kigawe kwa penseli mistari miwili kwa miwili, upate almasi ndogo tisa, tatu kwa tatu. Shusha mbao inayozunguka kitalu kwanza, ndipo ukate mifereji kwa patasi ya V. Viringisha kingo za kila almasi kwa kisu, usitumie msasa: msasa unakula vilele na baada ya dakika tano zinabaki bapa kama alama za mwiko kwenye sakafu. Kuna sanamu zenye kitalu kama hicho tumboni pia, kata kwa njia ileile.

Mjakaranda una nyuzi laini. Patasi butu inaziponda badala ya kuzikata, na utaona ukungu mweupe kwenye mkato. Noa kabla ya kila kitalu.

rangi_za_udongo
Kuhusu chokaa: acha kabisa. Chokaa ni kali kwa mbao na haishiki vizuri juu yake. Tumia udongo mweupe wa kaolini. Loweka usiku kucha, koroga, mimina maji ya juu yenye udongo kwenye chombo kingine, mchanga ubaki chini. Subiri utuame, mwaga maji. Kwenye nusu kikombe cha uji huo weka kijiko kimoja cha gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji. Paka mara mbili, kila mara nyembamba kama maziwa. Ikipasuka kama tope la ziwani, ulipaka nene. Ikibaki kwenye kidole kama chaki, ongeza gundi. Na kama mbao ilipakwa mafuta kabla, hakuna udongo utakaoshika.

Nyekundu: unga wa mbao ya mkurungu, mti wa jamii ya mninga, uchekeche kwa kitambaa cha kanga, changanya na mafuta ya mawese kidogo sana, sugua kwa kiganja mwilini, mbali na mahali pa udongo mweupe.

tezo_kali
La mwisho. Choma jina lako na mwaka chini ya kitako kwa msumari wa moto, kabla ya kupaka chochote. Kuna wanaozika sanamu mpya kwenye tope, kuzifukiza moshi na kuzipaka chai nzito, kisha zinauzwa kama za karne iliyopita. Kazi yako ni nakala nzuri, na anayeinunua ana haki ya kujua hivyo hata baada ya kupita mikono mitatu. Kina cha milimita 3 kinatosha. Chini ya hapo kitafutwa kwa msasa.