Glosi ya nywele: saloni au nyumbani? (nywele za defriza, Goma)

Dada wa Himbi
Jamani, nywele zangu zina defriza (dawa ya kunyoosha) na rangi ya kahawia, zinafika mabegani. Nikiziosha mara mbili tatu tu zinafubaa kama zimepakwa majivu. Saloni wanasema niweke glosi kila mwezi. Naweza kuifanya nyumbani? Mchanganyiko unapimwaje? Maji ninayotumia ni ya ziwa.

Fundi wa Birere
Dada, vitu viwili vinauzwa kwa jina hilo moja. Ile ya saloni ni rangi nyepesi, au isiyo na rangi kabisa, inayochanganywa na oksida (peroksidi ya hidrojeni) dhaifu ya volimu 6, yaani karibu asilimia 1.9. Inakaa wiki 4 hadi 6. Ile ya chupa ya nyumbani mara nyingi ni losheni ya silikoni na asidi kidogo: inalaza magamba ya unywele, unang'aa, ukiosha mara chache imekwisha. Si mbaya, ila usiilipie bei ya ile ya kwanza.

Ukitaka kuifanya ile ya saloni nyumbani, kwa urefu wako: krimu ya rangi gramu 30, oksida gramu 60 kama tyubu imeandikwa 1:2. Zingine ni 1:1, soma. Pima kwa mizani ya jikoni, jicho linadanganya. Osha, kausha kwa taulo mpaka nywele zisichuruzike, la sivyo dawa inazimuliwa na rangi inashika madoadoa. Anzia kwenye shina. Ncha ziache mwisho kabisa, maana nywele za defriza zinakunywa rangi na ncha ndizo zenye kiu zaidi. Tyubu itasema dakika 20, lakini wewe dakika ya 5 futa kishungi kimoja kwa karatasi yenye maji, ukitazame dirishani. Chukua rangi iliyo ngazi moja juu ya yako, yaani nyepesi zaidi. Oksida ya volimu 20 usiiguse: inang'oa rangi yako ya asili na kuacha wekundu.

Yaya Katindo
Sawa, lakini mimi ningeanzia kwenye maji. Maji ya ziwa letu la Kivu yana pH karibu 9, yaani yana alkali (kinyume cha asidi), na magnesiamu nyingi. Yakikutana na sabuni yanaacha utando, ule ule unaouona pembeni mwa beseni. Ukipaka glosi juu ya utando huo, haishiki.

Siki nyeupe: kijiko 1 cha supu kwa lita ya maji ya mvua. Kwa maji ya ziwa weka 2, kwa sababu alkali yake inakula kijiko kizima kabla nywele hazijapata kitu. Mwagia baada ya shampuu, ngoja dakika 2, suuza kwa maji ya mvua. (Mvua iache ioshe bati kwanza, tunajua majivu ya mlima wetu wa volkano.) Ndimu hapana, inaunguza kichwa. Fanya hivyo mara tatu, pengine hata glosi hutaihitaji.

Dada wa Himbi
Asanteni. Defriza niliweka Jumamosi iliyopita. Na dawa ikibaki naitunza?

Fundi wa Birere
Basi ngoja wiki 2 tangu hiyo Jumamosi, ngozi ipoe. Dawa iliyochanganywa mwaga. Ukiifungia chupani gesi inajaa na chupa inapasuka. Saa 48 kabla, paka kidogo nyuma ya sikio: ikiwasha au ikivimba, acha. Na kama uliwahi kupaka hina nyeusi ya pakiti, sema kwanza, maana yenye chumvi za metali ikikutana na oksida inachemka kichwani.