Yule afisa wa kizuizi cha barabarani njia ya Nyakanazi kamwimbisha mama yangu wimbo wa taifa!

Mwana wa Buhigwe:
Mods, msiunganishe uzi huu na nyuzi nyingine. Nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila anayepanda basi la Kigoma kwenda Kahama anamjua. Leo kaingia na tochi mchana kweupe, kamsikia mama anaongea Kiha kwenye simu. Basi! "Bibi, shuka. Imba wimbo wa taifa." Kando ya lami, kikapu mkononi, abiria wote wamejazana madirishani, mama mtu mzima anaimba!

Kamaliza, akaambiwa bado ubeti wa pili. Ubeti wa pili jamani! Na yeye aliyeuomba anachezea simu, hata hasikilizi. Huyu hata Nyerere angefufuka leo angemshusha kwenye basi.

Kisa Kiha, kaonekana Mrundi! Waha na Warundi tunasikilizana lugha, hilo halijaanza jana. Najua kuanzia Kagunga ziwani hadi Kakonko njia za panya ni nyingi kuliko askari. Sasa zikishindikana kuzibwa, hasira zinamalizikia kwa bibi? Waliokimbia Burundi 1972, mwaka 2014 watu kama 162,000 walipewa vyeti vya uraia. Safi kabisa, wana karatasi. Mama kazaliwa Buhigwe enzi za mkoloni, nani aliwahi kumpa karatasi ya kuonyesha ni wa hapa? Ana mdomo tu, na mdomo huohuo ndio unamponza.

Kamwimbisha mama yangu! Narudia, kamwimbisha!

Lori la Usiku:
Pole sana mkuu. Mimi natembea njia ya Tunduma. Wahabeshi wanaopelekwa Afrika Kusini wanapita kila siku. Dodoma 2012 walikutwa zaidi ya 40 wamekufa kwa kukosa hewa kwenye lori. Lile lori lilipita vizuizi vingapi? Hakuna aliyeambiwa aimbe.

Tingatinga:
Chai hii. Ubeti wa pili wewe mwenyewe unaujua? Mrundi wewe, kubali yaishe.

Mwana wa Buhigwe:
Tingatinga, angekuwa mama yako kando ya barabara ungeandika huo upuuzi? Kamwimbisha mbele ya watoto!

Tingatinga:
Mama yangu ana sauti nzuri, wangempa na lifti.

Mtoto wa Karagwe:
Kigoma mnalilia wimbo? Sisi Kagera 2013 watu walioishi hapa miaka nenda rudi, wameoa, wamezaa, waliambiwa wafungashe warudi Rwanda. Baba kule, mama huku. Ng'ombe wao waliishia kwa nani? Fungueni uzi wa hilo.

Bi Tandale:
Mngekuwa na kadi msingeimbishwa. Ila nayo kadi yenyewe iko wapi? Mimi namba ya kitambulisho cha taifa ninayo kwenye simu, kadi hewa. Kila ofisi "lete kadi, mama".

Tingatinga:
Ofisi gani hizo? Mimi namba inapokelewa kote.

Bi Tandale:
Usinichokonoe, kijana. Na hao wa kunizungusha nao nitawafungulia uzi.

Mgebuka Mkavu:
Wakuu, kwa kuwa mpo wa Kigoma humu, dagaa pale Kibirizi kilo inaendaje? Nataka gunia zima.

Lori la Usiku:
Wiki ijayo nina mzigo wa huko, nitarudi mtupu. Njoo inbox tuongee nauli.